Tapeti Inayopiga Kelele na Ile Inayonyamaza: Kutafuta Chanzo cha Matatizo ya Valvu kwenye Lori la Dizeli

Lori la mawe limetoka Ndarugo usiku na saa kumi na mbili asubuhi linaingia Eneo la Viwanda, Nairobi. Kabla dereva hajazima injini, mwenye gari amekwisha kusema: "Fundi, hiyo kelele ya tapeti niondolee." Fundi anafungua kifuniko, anachukua spana na bisibisi, anakaza tapeti, yaani skrubu zinazoweka mwanya wa kila valvu, moja baada ya nyingine huku injini inanguruma, mpaka kelele inakufa. Analipwa, na mwenye gari anaondoka ameridhika kwa sababu injini imekuwa laini. Miezi michache baadaye lori lile lile linarudi likivutwa. Ukifungua hedi (kichwa cha injini) unakuta valvu moja ya moshi imeliwa ukingo, kama chapati iliyosahauliwa kwenye kikaango.

Malori ya namna hiyo nimeyapokea mengi, na yananiuma kila mara, kwa sababu yule mwenye gari alilipia kuharibiwa injini akidhani anaitunza. Kwa hiyo kabla ya dalili yoyote naomba tuelewane kwa jambo moja: tapeti inayogonga inakupa muda, tapeti iliyobana haikupi. Waswahili walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Kwenye injini ya dizeli mshindo huo ni valvu iliyokatika kichwa na pistoni iliyotobolewa katikati ya safari.

Mwanya wa tapeti ni wa nini

Lori likitoka Mombasa na mzigo, safari ya karibu kilomita 480 hadi Nairobi, injini ikizunguka mara 1,600 kwa dakika, kila valvu inafunguka na kufunga mara 800 kwa dakika hiyo hiyo. Ni mara 48,000 kwa saa. Kwa safari ya saa kumi zinakuwa mara 480,000. Valvu ya moshi inafanya kazi hiyo huku ikipitiwa na gesi ya digrii 600 na zaidi, na sehemu kubwa ya joto lake hulitua pale tu inapokaa kwenye siti yake (mdomo inapofungia ndani ya hedi). Ikikaa vizuri, joto linahamia kwenye hedi na maji ya rejeta yanalichukua. Isipokaa, haina pa kulipeleka.

Chuma kikipata joto kinarefuka. Ndiyo maana mtengenezaji huacha mwanya kati ya roka (mkono unaosukuma valvu) na shina la valvu injini ikiwa baridi, ili shina likirefuka bado valvu ifunge hadi mwisho. Kwa 4HK1 ya Isuzu NQR na FRR mwanya huo ni milimita 0.40, valvu ya hewa na ya moshi sawa. Kwa 4D34 ya Canter ni 0.40 vilevile. Cummins 6BT inataka 0.25 kwa hewa na 0.51 kwa moshi, injini ikiwa chini ya digrii 60. OM457 ya Mercedes ni 0.40 na 0.60. Kama injini yako si mojawapo ya hizi, soma kibandiko kilicho kwenye kifuniko cha valvu au kitabu chake. Usikope namba ya injini ya jirani.

Ona sasa hatari ya kukaza kwa sikio. Skrubu ambayo kila mzunguko wake mmoja ni milimita 1, ukiizungusha robo umeondoa 0.25. Umekula zaidi ya nusu ya mwanya wa 0.40 kwa kugeuza kiganja kidogo tu, na sikio lako linafurahi.

Mwanya hubadilika wenyewe pia, na hubadilika kwa pande mbili. Ncha ya roka, pushirodi (fimbo inayosukuma roka) na kamshafti (shafti inayoendesha valvu) zikilika, mwanya unakua na kelele inakuja. Siti ya valvu ikilika, valvu inazama ndani ya hedi, shina linapanda juu na mwanya unapungua bila kelele yoyote. Injini ya lori la mizigo hufanya yote mawili kwa wakati mmoja. Kwa hiyo injini iliyokuwa ikigonga kidogo, halafu ikanyamaza bila mtu kuigusa, haijapona. Ifungue uipime.

Dalili ya kwanza: tik tik tik juu ya injini

Kelele ya tapeti huenda kwa nusu ya mwendo wa injini, kwa hiyo injini ikiwa silensa (inazunguka taratibu bila kukanyagwa mafuta) unaweza kuihesabu. Ni nyepesi, kavu, na iko juu. Kama mlio ni mzito na unatoka chini kwenye sampu (bakuli la oili), acha kusoma hapa na uzime injini, maana hilo ni suala la beringi za krenki (shafti kuu inayozungushwa na pistoni). Kama ni mkali kama nyundo ndogo na unabadilika unapokanyaga mafuta, shuku nozo (inayopuliza dizeli silindani) kwanza. Injini ya dizeli yenye nozo mbovu imewafanya mafundi wengi wakaze tapeti zisizo na kosa.

Kwenye injini za pampu ya zamani, kama 4D33 na 4D34, unaweza kulegeza nati ya paipu ya nozo moja baada ya nyingine. Mlio ukitoweka unapolegeza silinda fulani, chanzo ni nozo au pistoni ya silinda hiyo. Mlio ukibaki vilevile, unaelekea kwenye tapeti. Lakini nasema kwa nguvu: kamwe usilegeze paipu kwenye injini ya komoni reli (yenye reli moja ya dizeli inayolisha nozo zote) kama 4HK1 ikiwa inafanya kazi. Mafuta ndani ya reli ile yanasukumwa kwa zaidi ya bar 1,000, na uzi mwembamba wa dizeli kwa nguvu hiyo unapenya ngozi na kuingia mwilini. Mtu aliyechomwa hivyo anapelekwa hospitali papo hapo hata kama anaona tundu dogo tu lisilouma. Kwa injini hizo tumia mashine ya kusoma kompyuta, ambayo huzima silinda moja moja bila kushika paipu.

Ukithibitisha ni tapeti, pima. Kuna mtego hapa ambao huwapoteza hata wenye uzoefu. Ncha ya roka iliyolika huwa na kishimo, na fila (kipande chembamba cha chuma cha kupimia mwanya) hupita juu ya kishimo kama ubao juu ya mtaro. Fila inakuambia 0.40, na kumbe mwanya halisi ni mkubwa zaidi. Kwa hiyo ukipima sawasawa na kelele ikabaki, usiongeze kukaza. Toa shafti ya roka, tazama ncha, pitisha ukucha. Ukucha ukikwama, roka hiyo isagwe na mtu mwenye mashine au ibadilishwe.

Jambo jingine la kutazama ni oili. Matundu ya kupandisha oili kwenye shafti ya roka huziba kwa masizi pale oili inapokaa muda mrefu mno. Ukifungua kifuniko na kukuta roka za silinda moja ni kavu na zimekuwa za kahawia, kuset tapeti peke yake ni kupoteza siku.

Dalili ya pili: asubuhi haishiki vizuri, au ikipata moto inatetemeka

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo valvu iliyobana hujificha.

Uliza dereva swali hili kabla hujashika spana: inasumbua ikiwa baridi au ikiwa moto? Valvu iliyobana lakini haijaungua hufunga vizuri asubuhi, kwa sababu shina bado fupi. Lori linawaka mara moja, linaondoka Mlolongo likiwa zima. Baada ya mlima wa kwanza wenye mzigo shina linarefuka, valvu inaachama kidogo, na silinda ile inapoteza kompresheni (mbano wa hewa). Dereva atakwambia, "Ikipoa iko sawa, ikishika moto inachoka." Wengi husikia hivyo wakabadilisha filta ya dizeli, halafu pampu, halafu nozo. Ukisikia maneno hayo, pima tapeti kwanza. Fila ni kitu cha bei ndogo, na lori likiwa limelala usiku kucha ni kazi ya asubuhi moja.

Hali ikiachwa, ukingo wa valvu unaungua, na sasa dalili inageuka upande. Valvu inavuja wakati wote, na ubaya wake unaonekana zaidi asubuhi, hasa Julai Nairobi inapokuwa na baridi. Stata inazungusha kwa mdundo usio sawa: nzito, nzito, nzito, nyepesi. Ile nyepesi ndiyo silinda iliyopoteza kompresheni. Injini inashika kwa silinda tatu, inatikisa kichwa cha lori, inatoa moshi mweupe unaowasha macho, kisha ikipanda mizunguko inajikusanya kidogo. Dereva anazoea kuiacha ingurume dakika kumi na tano kabla ya kutoka, na mazoea hayo yanaficha ugonjwa.

Nenda nyuma kwenye bomba la ekzosi. Weka kitambaa chepesi karibu na mdomo wa bomba injini ikiwa silensa. Moshi wa injini nzima unasukuma kwa utaratibu mmoja. Valvu ya moshi inayovuja inatoa puf puf isiyolingana, na wakati mwingine kitambaa kinavutwa ndani kidogo katikati ya misukumo. Kisha fungua paipu ya hewa karibu na filta na usikilize. Ukisikia pumzi zikirudi kwa mdundo, inayovuja ni valvu ya hewa.

Kujua ni silinda ipi, washa injini ikiwa baridi kabisa na baada ya dakika moja pima joto la kila tawi la ekzosi kwa kipima joto cha mwanga. Kama huna, dondosha matone ya maji kwenye kila tawi. Tawi ambalo maji yanachelewa kukauka ndilo la silinda isiyochoma.

Kipimo kinachomaliza ubishi ni hewa ya kompresa. Toa nozo ya silinda unayoishuku, lete pistoni juu kabisa kwenye kompresheni, funga krenki isizunguke kwa sababu hewa itaisukuma, kisha ingiza hewa kwenye tundu la nozo kwa adapta yake. Sikiliza inatokea wapi. Ikitokea ekzosi, valvu ya moshi imekwisha. Ikitokea kwenye paipu ya hewa, ni valvu ya hewa. Ikivuma kwenye mdomo wa kujazia oili, ni ringi za pistoni. Mapovu kwenye rejeta ni gasketi ya hedi au hedi yenyewe kupasuka. Kwa kipimo hiki mwenye gari anajua, kabla ya kulipa, kama anafungua hedi tu au anafanya ovaholi nzima. Tofauti ya pesa kati ya hayo mawili ni kubwa, na nimewahi kuona familia ikiuza lori kwa hasara kwa sababu fundi mmoja aliambia mwenye gari injini imekufa, na ugonjwa ulikuwa valvu mbili.

Ukikuta tapeti imebana na bado hujafungua hedi, rudisha mwanya wake, zungusha injini, upime tena kwa hewa. Kama kuvuja kumekoma, umeiwahi. Kama kunaendelea, ukingo umekwisha kuungua na hakuna skrubu ya kuuponya.

Dalili ya tatu: mlima unaishinda, moshi mweusi

Moshi mweusi ni dizeli nyingi kwenye hewa chache. Kabla hujalaumu chochote, kumbuka ulipo. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya bahari, na kanieneo ya hewa ni kama kPa 83, wakati Mombasa ni 101. Timboroa, juu zaidi ya mita 2,700, hewa ni chache zaidi. Injini isiyo na tabo (pampu ya hewa inayozungushwa na moshi), iliyokuwa ikichoma safi kwenye barabara za Changamwe, itatoa moshi kidogo Rironi hata ikiwa nzima. Tabo ikiwa sawa inafidia sehemu kubwa ya upungufu huo, kwa hiyo tatizo dogo la upande wa hewa ambalo dereva hakulihisi Voi linajitokeza wazi Limuru.

Anza na filta ya hewa. Malori yanayolala machimboni Ndarugo na Mlolongo hula vumbi la mawe, na mazoea ya kupuliza filta kwa kompresa kila Jumamosi hutoboa karatasi yake. Iinue mahali penye giza ukiwa umeweka taa ndani. Tundu dogo kama la sindano linatosha kuingiza mchanga unaokula pangaboi za tabo, ringi na siti za valvu. Filta iliyotoboka haifai tena, hata iwe safi namna gani. Kisha fuata paipu za intakula (kipoza hewa ya tabo) ukitafuta mahali palipolowa oili nyeusi, maana hewa ya tabo ikivuja hubeba oili kidogo na kuacha alama. Kisha nozo. Tapeti inakuja baada ya hayo: ya valvu ya hewa ikiwa imelegea sana, valvu inachelewa kufunguka, haifunguki yote na inawahi kufunga, kwa hiyo silinda inabanwa pumzi.

Dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa nayo iko humu. Tangu 2018 serikali ilipoweka tozo ya KSh 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, faida ya kuchanganya ilipungua sana, lakini lori lililofanya kazi miaka ya kabla ya hapo linaweza kuwa na pampu na nozo zilizoumia zamani. Mafuta ya taa hayalainishi pampu kama dizeli. Nozo inayodondosha badala ya kupuliza huchoma kwa kuchelewa, moto unatoka na moshi, na valvu ya moshi ndiyo inayoupokea.

Dalili ya nne: moshi wa bluu

Ni oili inaungua. Swali ni inapitia wapi. Mwambie dereva aache injini silensa dakika tano, kisha akanyage. Wingu moja la bluu linalotoka halafu linakwisha huelekeza kwenye sili za mashina ya valvu au miongozo yake iliyopanuka: oili imeteremka taratibu kwenye shina wakati injini imepumzika. Moshi ule ule utauona lori linapomaliza mteremko mrefu na dereva akakanyaga tena. Bluu isiyokwisha chini ya mzigo, pamoja na injini inayopumua kwa nguvu kwenye mdomo wa oili, ni ringi. Bluu yenye paipu za intakula zilizojaa oili ni tabo. Sili za valvu kwa injini nyingi hubadilishwa bila kutoa hedi, pistoni ikiwa juu na hewa ikiishikilia valvu isianguke, na hiyo ni kazi nafuu ukilinganisha na ringi.

Dalili ya tano: moshi mweupe na maji kupungua

Mweupe unaonuka dizeli na kuwasha macho ni mafuta yasiyochomeka, na umekwisha kuonana nao juu. Mweupe usiokwisha, wenye harufu tamu ya kulenti (maji maalumu ya rejeta), na rejeta inayohitaji kuongezwa kila siku, ni maji yanayoingia silindani. Usiendeshe. Nitaongeza hili tu: Nairobi maji yasiyofungiwa kwa kanieneo huchemka kwenye digrii 94 hivi, si 100, kwa hiyo kifuniko cha rejeta kilicholegea ambacho dereva wa Mombasa anaweza kukivumilia kitachemsha injini ya Nairobi. Tumia kulenti, si maji ya kisima yenye chumvi. Magaga yanayoganda ndani ya hedi yanazuia joto la siti lisitoke, na valvu inaungua ingawa tapeti ilikuwa sawa.

Dalili ya sita: kelele kubwa ya ghafla baada ya mteremko

Dereva ameteremka na gia ikiwa frii kisha akaingiza gia ya chini, au ameshika gia ya chini kwa mwendo wa kasi mno pale Salgaa au anapoingia bonde kutoka Kinungi. Magurudumu yanaizungusha injini kupita kiwango chake, na kukata mafuta hakusaidii kitu kwa sababu anayezungusha ni mzigo. Springi za valvu zinashindwa kurudisha valvu kwa wakati, pistoni inazikuta njiani na kuzigonga. Breki ya ekzosi ikiwa na springi zilizochoka huongeza hatari, kwa kuwa kanieneo ya moshi iliyozuiwa husukuma valvu za moshi zifunguke.

Ukikuta silinda moja ina mwanya wa milimita 2 ghafla, usikaze skrubu kuujaza. Kwenye injini ya pushirodi, toa pushirodi zote na uziviringishe juu ya kioo cha dirisha, iliyopinda itaruka. Kwenye injini ya kamshafti ya juu, tazama kama valvu zote zimepanda kimo kimoja. Valvu iliyopinda haibani siti yake, na ukiiwasha injini kujaribu, kichwa kinaweza kukatika na kuangukia pistoni. Lori hilo libebwe, lisivutwe likiwa gia.

Namna ya kuset tapeti

Injini ilale usiku kucha. Toa waya wa betri. Safisha kifuniko kabla ya kukifungua, kwa sababu mchanga wa Nairobi ukidondoka ndani utaukuta kwenye beringi. Zungusha krenki kwa mkono, upande injini inakozunguka, hadi alama ya juu ya pistoni ya silinda namba 1.

Sasa tazama silinda ya mwisho, ya 4 au ya 6. Ukitikisa krenki kidogo mbele na nyuma, roka zake zote mbili zinapokezana, moja inafunga nyingine inafungua. Hapo namba 1 iko kwenye kompresheni. Kama zinazopokezana ni za namba 1, zungusha duara moja zaidi.

Kwa injini ya silinda 4 yenye mfuatano wa 1-3-4-2, hapo unapima zote mbili za namba 1, ya hewa ya namba 2 na ya moshi ya namba 3. Zungusha duara moja kamili, kisha pima ya moshi ya namba 2, ya hewa ya namba 3 na zote za namba 4. Kwa silinda 6 zenye mfuatano wa 1-5-3-6-2-4, mzunguko wa kwanza ni zote za 1, hewa ya 2, moshi ya 3, hewa ya 4, moshi ya 5. Wa pili ni moshi ya 2, hewa ya 3, moshi ya 4, hewa ya 5, na zote za 6.

Kabla hujalegeza nati hata moja, pima zote jinsi ulivyozikuta na uziandike. Mafundi wengi huruka hatua hii, na mimi naithamini kuliko kukaza kwenyewe, maana ukishalegeza umefuta ushahidi.

Kisha rekebisha. Kwa mwanya wa 0.40, fila ya 0.40 ipite ikivutana kidogo, ya 0.35 iteleze, ya 0.45 ikatae. Kaza nati ya kufungia huku bisibisi imeshikilia skrubu, halafu pima tena, kwa sababu nati ikikazwa huivuta skrubu. Kwenye injini zenye valvu 4 kwa silinda, kama 4HK1, roka moja husukuma daraja linalobeba valvu mbili. Daraja hilo lina skrubu yake na utaratibu wake kitabuni. Ukiliacha limeinama, valvu moja inafunga na ya pili inabaki wazi, na fila yako juu ya daraja haitakuambia. Ukimaliza, zungusha krenki kwa mkono duara mbili kamili, pima upya chache, weka gasketi ya kifuniko, washa.

Injini iliyokuwa imekazwa kupita kiasi itatoa sauti kidogo baada ya kazi hii. Mwambie mwenye gari mapema kwamba sauti hiyo nyepesi na ya sawasawa ndiyo ya afya, asije akaipeleka kwa mwingine ikanyamazishwe.

Hedi ikifunguliwa

Ipeleke kwa karakana yenye mashine, na simama pale. Hedi ipimwe kwa maji na kanieneo kutafuta nyufa kati ya siti mbili, kabla ya kulipia kazi nyingine yoyote. Valvu iliyoungua ukingo haisagwi kwa pesti, inabadilishwa. Pesti ni ya kulainisha mguso wa valvu nzima na siti nzima, hadi uone duara la kijivu lisilokatika. Panga springi zote juu ya kioo na uzilinganishe kimo. Fupi ni ya kutupwa. Tikisa valvu mpya kwenye mwongozo wake, ikicheza, mwongozo ubadilishwe, la sivyo valvu itakaa upande na kuungua tena.

Uso wa hedi ukichongwa, valvu zinasogea karibu na pistoni, kwa hiyo kina cha valvu kipimwe baada ya kuchonga. Isuzu kadhaa zina gasketi za hedi za unene tofauti, zinazochaguliwa kwa kupima jinsi pistoni inavyochomoza juu ya bloku. Ukienda Kirinyaga Road kununua, nenda na kipimo hicho, si na namba ya gari tu. Baada ya kufunga valvu, jaza matundu ya hewa na moshi kwa mafuta ya taa hedi ikiwa bado mezani: valvu isiyovuja haitaachia tone upande wa pili.

Daftari la lori

Kila lori liwe na daftari moja linalokaa gereji. Andika kilomita, tarehe, namba kumi na mbili au nane ulizozikuta kabla ya kurekebisha, na oili uliyotia. Kwa malori mengi yetu 15W-40 ya daraja la CI-4 inatosha, ikibadilishwa kwa muda wa kitabu, na mapema zaidi kwa lori linalokaa foleni za Mombasa Road, maana injini inaendelea kufanya kazi wakati kilomita hazisogei. Dereva aiache tabo ipoe dakika tatu kabla ya kuzima, na asiipeleke injini baridi mlimani.

Kipimo kimoja hakisemi mengi. Vitatu vinasema. Valvu zote zikipungua 0.02 kila mara, ni uchakavu wa kawaida, rudisha na uendelee. Moja ikipungua 0.10 huku nyenzake zimekaa, siti yake inazama au nozo ya silinda hiyo inaichoma. Toa nozo ikapimwe wiki hiyo. Ikirudia safari inayofuata ya kipimo, hedi ifunguliwe kabla lori halijapangiwa mzigo wa Malaba.